Nunda Sebuleni: Kwa Nini Mchezo Wetu wa Hadithi Tuliutunga Wenyewe



Tunajua msimu wa harusi umefika na wengi wenu mnasubiri mambo ya singo, udi na vitambaa. Yatakuja, inshaAllah. Leo tuna jambo jengine, nalo limekaa vifuani mwetu tangu kabla ya Ramadhani. Ni juu ya mchezo. Msicheke.

Sisi ni wanawake sita. Wawili tumeolewa na tuna watoto, mmoja ameachika, mmoja bado anasoma, mmoja ni mwalimu wa skuli, na wa sita, tulipoanza, alikuwa na posa mkononi na wiki zinahesabika. Tunajuana tangu chuoni, tulipokuwa tukikaa mkeka mmoja na juzuu zetu. Na kama mnavyojua wenyewe, mtu akishaolewa ushoga unabaki kwenye simu: Ijumaa karimu, pole na msiba, mashaAllah mtoto amekua. Tukawa tunatafuta sababu ya kukutana ambayo si harusi wala hitima. Yule mwanafunzi, ambaye alikuwa nje kimasomo, akarudi na mchezo huu.

Kwa asiyeujua, ni hadithi inayochezwa. Watu wanne, watano au sita wanakaa pamoja. Mmoja ni msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake mmoja tu anayemsemea. Msimulizi anasema: mmefika kwenye lango la mji, limefungwa, na kwa ndani mnasikia mtoto analia, mnafanya nini? Basi mmoja atagonga, mmoja atazunguka ukuta, mmoja atasema turudi nyumbani, haya hayatuhusu. Pale penye jambo ambalo halijulikani litafanikiwa au la, hurushwa dadu. Hakuna anayeshinda na hakuna anayeshindwa. Kikao kimoja ni masaa mawili au matatu, na vikao vingi vya hadithi moja huitwa kampeni. (Kwetu neno hili lina balaa lake. Mume wa mmoja wetu alipomsikia kwenye simu akisema "kampeni yetu Jumamosi", aliuliza ni ya chama gani.)

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa ni Dungeons & Dragons, mwaka 1974, huko Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Walioutunga ni Gary Gygax na Dave Arneson. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000, vijitabu vitatu ndani ya boksi. Na kabla ya vijitabu hivyo, Arneson alikwisha kuwa akicheza na rafiki zake katika nchi aliyoibuni mwenyewe, aliyoiita Blackmoor. Tunalitaja hili kwa sababu wako wanaodhani kutunga hadithi yako mwenyewe ni jambo la waliobobea, na kwamba anayeanza lazima anunue iliyo tayari. Mambo yalianza kinyume chake. Mtu alitunga nchi yake kwa ajili ya rafiki zake waliokuwa wamekaa mbele yake, na vitabu vikaja nyuma.

Sasa rai yetu, tuiseme mapema ili anayetaka kuipinga ajue anapinga nini. Mwanamke wa Kiislamu wa visiwa hivi akitaka kucheza na shoga zake, asichukue hadithi iliyo tayari akaitafsiri. Aitunge. Na aitunge kwa kuwatazama watu atakaocheza nao, mmoja mmoja, kabla ya kuandika hata jina la mji.

Tunasema hivi kwa sababu sisi tulifanya vyengine, na tukamuumiza mwenzetu.

Mara ya kwanza tulichukua hadithi ya kigeni iliyokamilika. Ilikuwa na mapango, hazina na viumbe wadogo wabaya wanaoishi chini ya ardhi. Msimulizi wetu, kwa nia njema kabisa, akaona viumbe hao hawana jina kwetu, akawafanya majini. Mchawi wa kwenye kitabu akawa mganga. Tukaona imenoga, imekuwa ya kwetu sasa. Kikao cha pili, tukafika kwenye kisima, na hapo msimulizi akatueleza mwanamke aliyekaa pembeni, nywele wazi, sauti si yake, amepandisha, na anamtaja mmoja wa wahusika wetu kwa jina. Msimulizi ana kipaji, na taa tulikuwa tumeipunguza. Mwenzetu mmoja alinyamaza. Tukadhani ameingia ndani ya hadithi. Akainuka taratibu, akavaa buibui lake, akasema watoto watakuwa wanamngoja, akaondoka. Watoto walikuwa kwa bibi yao Mkoani.

Hatukukutana tena karibu mwezi mzima. Baadaye alikuja kutueleza, naye hakuwa na deni la kutueleza, kwamba nyumbani kwao kuna mtu aliyesumbuliwa miaka, na kwamba utoto wake wote alilala akisikia kwa masikio yake kile ambacho sisi tulikifanya kitisho cha kunogesha chai.

Hapa ndipo tulipoelewa. Aliyeandika kitabu kile, huko aliko, anapoandika kuhusu kiumbe wa gizani anajua kwamba kila msomaji wake anakichukulia kuwa ni ndoto tupu. Kwetu majini si ndoto. Yametajwa katika Qur'ani, yana sura yake, ni sehemu ya imani yetu ya ghaibu. Na juu ya imani kuna mambo yaliyowakuta watu. Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka mwaka 1995, khofu ya Popobawa ilipoanzia Pemba na kuvuka hadi Unguja, familia nzima zikilala nje barazani kwa kukusanyika. Huwezi kulichukua jambo ambalo mama wa mtu aliliogopa akiwa na mtoto mgongoni, ukaliweka kwenye hadithi pamoja na joka la mabawa, ukasema vyote ni vya kubuni. Kwa hiyo sisi kwenye meza yetu hakuna jini, hakuna mganga, hakuna uchawi wa aina yoyote. Wako watakaosema tumeutoa mchezo utamu wake. Hao waje wacheze.

Tulipokutana tena, msimulizi aliomba radhi, na tukaanza upya kwa kuulizana kwanza. Kila mmoja alisema mambo ambayo hataki yatokee kabisa, na mambo ambayo yanaweza kutokea lakini yasielezwe, yapite nyuma ya pazia. Wachezaji wa huko nje wana desturi hii ya mistari na mapazia. Sisi tunaotundika pazia kila mlango tuliielewa bila ya mwalimu. Mmoja alisema: asife mtoto mchanga. Tukanyamaza, maana tunajua. Mwengine alisema mambo ya mke mwenza yasiguswe, si kwa mzaha wala kwa kweli. Tuliandika yote. Na kwa yale ambayo mtu hawezi kuyajua mpaka yamfike, tuliweka kikombe cha kahawa katikati ya sinia. Anayekifunika, jambo lile limefutwa pale pale, hakuna anayeuliza kwa nini, na msimulizi anaendelea kama halikusemwa. Tangu hapo kikombe kimefunikwa mara mbili. Hatujui sababu ya hata mara moja.

Kisha tukaja kwenye dadu.

Hapa tulibishana kweli, na tunajua na nyinyi mtabishana. Hadithi iliyo katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Buraida, radhi za Allah ziwe juu yake, imemkemea vikali anayecheza nardi, na nardi ni mchezo unaokwenda kwa dadu. Imamu Nawawi katika sherehe yake ameitaja kuwa ni hoja ya Imamu Shafi na ya wanazuoni walio wengi katika kuiharamisha. Mwalimu wetu wa skuli akasema hapo hapakuwa na kamari, ni dadu tu ya kuamua kama mlango umefunguka. Mwenzake akamjibu kwamba wengi wa wanazuoni hawakuweka sharti la kamari. Sisi si mamufti, na fatwa hatutoi. Lakini kilichotusaidia ni ile tafauti iliyomo katika vitabu vya madhehebu yetu: mchezo unaotegemea fikra, kama sataranji, wameuona kuwa ni makuruhu, na ule unaotegemea bahati tupu wameukataza. Tukajiuliza, kwani lazima iwe bahati? Haiwezi kuwa mkono na akili?

Kumbe inaweza, na watu walikwisha kulifikiria. Kuna mchezo wa hadithi unaoitwa Dread ambao hauna dadu hata moja. Katikati ya meza unasimama mnara wa Jenga. Mhusika wako akitaka kufanya jambo gumu, unachomoa kibao kimoja na kukiweka juu. Mnara ukisimama, umefaulu. Unaweza pia kukataa kuchomoa, na hapo umekubali kwamba jambo limeshindikana. Na Jenga yenyewe, wapenzi wetu, msidhani ni neno la Kizungu. Aliyeutoa mchezo ule sokoni, London mwaka 1983, ni Leslie Scott, mwanamke aliyezaliwa Tanganyika na kulelewa Afrika, na jina alilichukua kwenye Kiswahili chetu: kujenga. Basi sisi tuliokuwa tukitafuta njia ya kukwepa dadu za watu tukakuta njia imeandikwa kwa lugha ya mama.

Mnara wetu hatukuununua. Seremala wa mtaani alitukatia vibao 54, kila kimoja sentimita 7.5 kwa 2.5 kwa 1.5, tukavipiga msasa wenyewe ukumbini, vumbi mpaka kwenye vikombe. Ukivipanga vitatu vitatu unapata ngazi 18. Angalieni kipimo: urefu lazima uwe mara tatu ya upana, la sivyo ngazi hazikai sawa. Vyetu vya mwanzo vilikuwa vya mbao mbichi vikavimba kwa unyevu wa masika, ikawa kibao hakichomoki ila kwa kusomewa. Alivirejea bure, Mungu ampe.

Mipaka mengine ya dini tuliiweka bila ubishi mwingi. Hakuna mhusika anayekuwa Mtume, Sahaba au walii. Hakuna aya inayosomwa ndani ya mchezo. Adhana inasikika katika mji wetu wa kubuni na watu wanahesabu wakati kwa sala, lakini sala yenyewe hatuiigizi. Na kuna mawili ambayo pengine hamkuyafikiria, nasi tuliyafikiria kwa kuchelewa. La kwanza ni kiapo. Mtu akiwa katika mhusika wake ana moto, ulimi unamtoka: wallahi sikuiba! Na ameiba, sote tunajua ameiba, ndiyo hadithi. Jina la Allah halina mhusika. Tumekubaliana, anayetaka kuapa ndani ya mchezo ataapa kwa kusema "kwa chumvi ya nyumba hii", na maneno haya yamekuwa yetu mpaka nje ya mchezo tunafanyiana mzaha nayo. La pili ni ndoa. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea hadithi inayotufunza kwamba nikaha, talaka na rejea hazina mzaha, anayezitamka kwa kucheza ni kama aliyezitamka kwa kweli. Meza yetu haina mwanamme, lakini hatukuona sababu ya kuzizoesha ndimi zetu maneno hayo. Mtu akioa au akiacha katika hadithi yetu, inapita nyuma ya pazia.

Baada ya kukataza yote haya, tulibaki na ukurasa mweupe. Tunakiri, tulitazamana. Ukitoa majini, uchawi, miungu ya kubuni, dadu na vita vya mapanga ambavyo hakuna aliyevitaka, kimebaki nini?

Bi harusi wetu ndiye aliyesema: kwani bibi zetu walikuwa wakitutisha kwa nini?

Nunda, mla watu. Wengi wenu mmetishwa naye. Hadithi yake ilikwisha kuandikwa kama ilivyosimuliwa na watu wa Unguja, katika kitabu alichokitoa Edward Steere mwaka 1870. Yeye alikuwa padri wa misheni, lakini hadithi zilikuwa zetu. Sultani ana paka wake anayempenda. Paka anakula mnyama wa mtu, watu wanakwenda kushitaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na mnyama ni wake, kesi imekwisha. Paka anakula mnyama mkubwa zaidi. Jibu ni lile lile. Anaendelea mpaka anafika kwa watu, na sultani bado anamtetea, mpaka anakula wanawe mwenyewe. Ndipo anapotambua kuwa yule hakuwa paka tena. Mtoto mdogo anayebaki anatoka kwenda kumtafuta, kila mara anarudi na mnyama aliyemuua, na kila mara mama yake anamwambia huyu siye.

Tulipoitazama hadithi hii kama watu wanaopanga mchezo, tuliona kila kitu kimo. Kuna adui anayekua. Kuna mwenye mamlaka asiyetaka kuona. Kuna safari za kurudia, kila moja ni kikao kizima. Na kiumbe mwenyewe hana mlango wa kuingilia kwenye imani ya mtu. Ni paka aliyedekezwa.

Upangaji wetu haukuwa mkubwa. Kosa la wanaoanza, na tuliwahi kulifanya, ni kuandika ulimwengu mzima: falme kumi na mbili, majina ya bahari, historia ya miaka elfu, halafu wachezaji wanashinda kikao kizima kwenye duka la vitambaa. Sisi tulichora shehia moja tu kwenye karatasi ya kufungia bidhaa: gati, soko la samaki, kisima, chuo, nyumba ya sultani yenye baraza ndefu, shamba la mikarafuu juu ya kilima, na njia ya kwenda ambako watu hawaendi. Kila mahali tukaweka mtu mmoja anayetaka kitu. Mlinzi wa kisima anataka binti yake arudi. Mwenye mikarafuu anataka mtu asiulize kwa nini wachumaji wake wamepungua. Basi. Mwisho hatukuuandika, kwa sababu msimulizi anayejua mwisho huwaburura wenziwe kama mbuzi wa Idi.

Kitu kimoja tulichokiandika kwa uhakika ni ngazi ya Nunda. Miraba saba pembeni ya karatasi: kuku, mbuzi, ndama, punda, ngamia, mtoto, mji. Kila mnara unapoanguka, mraba mmoja unapakwa hina. Katika Dread yenyewe mnara ukianguka mhusika aliyeuangusha ametoka, mara nyingi amekufa. Sisi tulibadilisha, kwa sababu hatukutaka mtu aliyeacha watoto wake nyumbani akae kutazama wenziwe usiku mzima. Kwetu ukiangusha, Nunda anakula. Mkono wako ukitetemeka analipa mtu mwengine, na amini, hilo linatia jasho zaidi kuliko kufa.

Wahusika hatukuwapa nambari za nguvu na wepesi. Tulichukua tena desturi ya Dread ya maswali, ila maswali tuliyatunga kwa kila mmoja wetu. Nani mjini anakudai, na kwa nini hujamlipa? Jambo gani ulimwahidi mama yako na hujalitimiza? Ukikuta mlango wa jirani wazi usiku, unaufunga au unaingia? Tukapata mkunga, msuka ukili, muuza samaki, mwalimu wa chuo na mjane wa nahodha. Hakuna hata mmoja mwenye upanga. Mkunga ana ufunguo wa kila nyumba mjini, na tuliona huo ni silaha ya kutosha.

Mjane wa nahodha alikuwa ni bi harusi wetu.

Kikao cha tatu, Nunda akiwa amekwisha kula mbuzi, mjane aliamua kwenda barazani kwa sultani kumwambia kwamba paka huyu si wake peke yake, maana anayelipa ni mji mzima. Msimulizi akamwambia achomoe vibao vitatu, kimoja kwa kila sentensi. Sentensi ya kwanza alisema vizuri. Ya pili sauti ilimpungua, akageuka kuanza kumsifu sultani na ukarimu wake. Ya tatu hakuifikia, mnara ukaanguka mpaka kwenye sahani ya visheti. Tukacheka sote isipokuwa yeye. Alikuwa analia.

Ilipita chai mbili ndipo alipotueleza. Alikuwa katikati ya masomo yake ya ukunga, amebakisha mwaka mmoja. Upande wa pili walisema, kwa uzuri tu na kwa kupitia kwa wifi mtarajiwa, kwamba hayo masomo "tutayaangalia huko mbele". Posa ilikwisha kujibiwa, nguo zinashonwa, na yeye hakuwa amesema neno. Si kwamba amekatazwa. Hajasema. Kila akifungua mdomo anaanza kusifu.

Mabibi harusi, tusikilizeni hapa. Somo wako atakufunza kujipamba, kupika, kuingia kwa mume na adabu za nyumba, na Mungu awalipe kheri masomo wetu. Lakini nani anakupa nafasi ya kujaribu kusema sentensi tatu mbele ya mtu unayemheshimu, ukaharibu, ukaanza tena, na hakuna kilichoharibika ila mnara wa mbao? Masharti ya mwanamke kabla ya nikaha ni jambo linalojulikana katika dini yetu, na pa kuyasema ni kabla. Kujua kwamba unayo haki na kuweza kuitamka ni mambo mawili, na la pili linahitaji mazoezi kama mkono wa mpaka hina.

Usiku ule hatukumaliza kikao. Tuliupanga mnara upya, tukamwambia mjane arudi barazani. Mwenzetu aliyeachika akaomba awe yeye ndiye sultani. Alimkatiza, alimbembeleza, alimwambia mwanangu haya ni mambo madogo, alimuuliza kama ameshakunywa chai. Anazijua zote. Mara ya nne mjane alisema sentensi zake tatu bila ya kusifu mtu, na kibao cha tatu kikakaa juu, kikayumba, kikatulia. Hakuna aliyepiga makofi. Tuliogopa kuutikisa.

Siku kumi baadaye alizungumza na mama yake, mama yake akazungumza na upande wa pili, na mwaka wake wa masomo ukaingia kwenye makubaliano kabla ya siku ya nikaha. Yaliyosemwa huko ni yao na hayatuhusu. Yeye mwenyewe alitwambia kwamba mama mkwe mtarajiwa alimkatiza mara moja tu, akamuuliza kama ameshakula, naye nusura acheke.

Bado tuna wanaotulaumu. Kuna aliyesema watu wazima na watoto wao wanacheza hadithi za paka. Mama wa mmoja wetu alikuja kutuchungulia kikao cha tano, akakaa kwenye kiti pembeni na tasbihi yake, na ilipofika Nunda anaingia kwa mwenye punda akasema hapana, hivyo sivyo, Nunda hapiti mlangoni. Sasa anakuja kila wiki mbili. Hana mhusika. Anasahihisha tu.

Kwa mnaotaka kuanza, maneno machache ya kawaida. Anzeni baada ya isha na wekeni saa ya kumaliza, kwani mchezo una tabia ya kuvuta. Sisi ni saa nne na nusu, hata kama Nunda yuko mlangoni. Wenye waume watoe habari mapema na waseme ni nini hasa, wasiseme "kikao" tu. Chakula kiwe cha zamu na kiwe kikavu. Urojo na mnara havikai meza moja, tumekwisha kujaribu.

Bi harusi wetu ameolewa, alhamdulillah. Kwa sasa yuko hapa hapa hadi mwaka wa masomo uishe, kisha atamfuata mumewe Maskati. Huko saa imetutangulia moja tu, kwa hiyo kucheza kwa simu ya picha kunawezekana. Kilichotusumbua ni mnara, maana kibao hakichomolewi kwa simu. Tulijadili mpaka chai ikapoa. Yeye akakata shauri: atachagua mkono wa kumchomolea, na hautabadilika mpaka kampeni iishe. Amemchagua yule yule aliyevaa buibui akaondoka, usiku wa kisima. Nunda amefika kwenye punda. Bado miraba mitatu.